Kuku Niliyemuosha Mara Tatu

Naogopa kuku mbichi. Chekeni mpaka mmalize, mie nangoja.

Najua mnavyosema huko nyuma: Mama Zaina kafanya kazi miaka yote ile kwenye jiko la kuku wa kukaanga katikati ya mji, kastaafu, na sasa akiona paja bichi kwenye sahani anarudi hatua mbili. Ni kweli. Jana nilipita kwenye kibanda chenu hapa mtaa wa Kenya, humu humu Lubumbashi, karibu na soko, nikaona kuku wanaoshwa ndani ya beseni, na kando ya beseni nyanya zimekwisha katwa, hazina hata kifuniko. Nikapiga kelele, na mjukuu wangu Salima, ambaye ndiye mkubwa wenu hapo, akanicheka mbele ya wateja, mie bibi yake: "Kambo, uko naogopa nini? Kuku ilishakufa!"

Ee, ilishakufa. Kaeni chini niwaambie.

Wazee wangu walitoka Maniema, Waislamu, ndiyo maana Kiswahili changu watu wa Lubumbashi wanakicheka, eti nasema kama redio. Kwetu kuku alikuwa heshima. Anachinjwa kwa jina la Mungu, ananyonyolewa, anababuliwa motoni mpaka vinyoya vidogo viishe, halafu anaoshwa. Na kuosha si kumwagia maji, jamani. Mara ya kwanza maji ya vuguvugu na ndimu. Mara ya pili chumvi, unamsugua kama shingo ya mtoto aliyecheza vumbini. Mara ya tatu maji matupu, mpaka yatoke meupe. Wiki yangu ya kwanza ya ndoa, mama mkwe aliniletea kuku mmoja na kiti kimoja. Kuku wangu, kiti chake. Alikaa akanitazama tangu mwanzo hadi mwisho bila neno, na aliposimama akasema, "Haya, mwanangu kapata mke." Sasa mwanamke aliyepokelewa hivyo, utamwambiaje asioshe kuku?

Jikoni mjini nilimkuta Papa Donat, mkubwa wetu. Mkatoliki wa Kongolo, mtoto wa mfanyakazi wa reli, mtu wa kufoka. Mengi niliyonayo kichwani ni yake. Kuku wetu walikuja wamegandishwa ndani ya katoni, kutoka ng'ambo, na malori yao yalilala foleni mpakani Kasumbalesa siku nyingine mpaka dereva akaota ndevu. Papa Donat hakusoma karatasi za mtu. Alifungua katoni, akaigeuza, akaangalia chini. "Barafu nyeupe, ingiza. Barafu nyekundu, rudisha," alisema, kwa sababu barafu nyekundu ni damu iliyoyeyuka njiani na kugandishwa tena, na kuku huyo hata umpike na nani, hafai. Alitufundisha kuyeyusha kuku ndani ya frigo, siku nzima, rafu ya chini kabisa, ndani ya sinia, ili asimdondokee mwenziwe aliyeiva. Si juani, si kwenye ndoo. Na mlango aliufungua kwa kiwiko. Ukigusa kishikio kwa mkono uliotoka kwenye kuku mbichi, alikupigia kelele mpaka wateja wakasikia: "Mukono ya kuku haina rafiki!"

Lakini hata yeye aliosha. Kuku wa katoni ananuka frigo, mnajua wenyewe, na mtu wa Kongolo na mtu wa Maniema walikubaliana katika hilo kuliko katika dini.

Patron wetu, mwenye jiko, alikuwa amenunua jina na mapishi kutoka nchi za kusini, na pamoja na mapishi likaja kitabu kinene, na pamoja na kitabu akaja mama mmoja kutoka Zambia kutufundisha. Tulimwita Bana Mulenga. Alisema nasi Kibemba, na wengi jikoni walikielewa. Alikuwa amezunguka majiko mengi ya jina lile lile, na alituchekesha kweli. Kuku ni yule yule, alisema, lakini kila nchi ina ugomvi wake. Kwao wanamtaka na nshima, ambayo ni bukari letu hili hili, ugali. Kusini zaidi wanalia pilipili. Na sisi tulikuwa na visa vyetu vya kumsimulia. Wachina wa migodini walikuwa wanauliza miguu na vichwa vimeenda wapi. Wahindi walitaka frite tu, viazi vya kukaanga, halafu wanauliza mafuta yamekaangiwa nini, tukawatengea sufuria yao. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikubali kuyasoma maandishi ya Kiarabu ya halali kwenye katoni, kula akakataa. Na baba mmoja alirudisha boksi zima mbele ya watoto wake, amekasirika kabisa, kwa sababu ndani hamkuwa na firigisi. "Miye njo baba ya nyumba," akasema. "Munanipa bawa sawa mugeni?"

Siku ya tatu Bana Mulenga akasema jambo: kuku wa katoni haoshwi. Anatoka, anakaushwa kwa karatasi, anaingia kwenye viungo, basi. Moto ndio unaomsafisha. Maji yanachukua uchafu usioonekana na kuutupa huku na huku.

Weee! Jiko lote tukaangua kicheko. Mie nikamwambia kwa adabu kwamba kwetu mwanamke asiyeosha kuku anarudishwa kwa mama yake. Hakubishana. Alichukua rangi ya keki, nyekundu, akampaka kuku mzima, akanipa. "Muoshe kama unavyomuosha nyumbani." Nikaosha, kwa fahari, mara tatu. Halafu akasema: haya, tafuteni rangi. Tukaikuta ukutani. Tukaikuta kwenye bomba, kwenye aproni yangu, kwenye shavu langu, kwenye kisu kilicholala mbali na sinki. Tone moja lilikuwa kwenye mdomo wa Papa Donat, ambaye alisimama nyuma yangu tu akitazama. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Bana Mulenga hakucheka. "Awe, mukwai, hapana," alisema, "huyu ni rangi tu. Yule mwingine hana rangi."

Alipovuka Kasumbalesa kurudi kwao, tulifungua bomba siku ile ile. Tulisema hao ndio watu wanaopenda uvivu na kuuita sayansi. Hilo ndilo kosa langu, lisikieni vizuri. Sikukosa kwa uchafu. Nilikosa kwa usafi.

Sasa niingie kwenye lile linalonitetemesha.

Jirani yangu kwenye avenue hii, Mama Gloria, alikuwa na binti wa miaka minane aliyepokea komunyo ya kwanza. Aliniomba chakula cha sherehe kitoke kwetu kazini, vipande vya kuku na saladi ya shu, ile kabichi mbichi yenye mayoneze. Nikasema nitakishika mwenyewe, mtu mwingine asikiguse. Jumapili asubuhi niliosha kuku wale kwa moyo wote, maana walikuwa wanakwenda nyumbani kwa watu ninaowasalimia kila siku. Bomba nililifungua hadi mwisho. Kando ya sinki ilikuwa kabichi imekatwa, inachuja maji. Na niliona. Kama nisingeona ningelala vizuri hadi leo. Niliona tone kwenye ukingo wa kichujio, nikalifuta kwa kidole, kidole kile kile, nikaendelea.

Sherehe ilikuwa nzuri. Shangazi yake Gloria, dada mkubwa wa baba yake, alikuja kutoka Kasomeno na samaki wakavu kwa ajili ya wageni. Jina lake Feliste, wote tulimwita Tantine. Mjane, hakupata mtoto, mpole mpaka unamwonea huruma. Siku hiyo nzima alikuwa anapakua, kila sahani ilipita mkononi mwake. Mwenyewe alikula bukari na samaki. Kuku alimkataa, akasema kuku aliyekufa bila yeye kumwona hamli. Tukamtania, Tantine wa kijiji wewe, akacheka.

Jumatatu watu wakaanza kuumwa tumbo. Jumanne alfajiri Gloria hakuweza kusimama. Homa, damu chooni, macho yameingia ndani. Wakambeba kwenda hospitali, mama yake anafuata nyuma bila viatu. Niliwaona mie nikienda kazini. Nikasema masikini, na nikapanda basi. Sikufikiri lolote, wallahi.

Saa nne Papa Donat aliniita kwenye stoo, akafunga mlango. Wasichana wawili wa kaunta walikuwa hawakuja, wote wanaharisha. Akaniuliza walikula nini Jumapili. Nikasema, walikula shu iliyobaki ya ile komandi aliyoagiza jirani yangu. Kuku walikula? Hawakula, kuku wote walikwenda. Hapo nikaliona lile tone. Nililiona pale pale kwenye ukuta wa stoo kama linaning'inia, nikakaa juu ya gunia la viazi.

"Mama Zaina, funga kinywa," Papa Donat akanong'ona. Mtu yule wa kufoka, ananong'ona. "Ukisema, batafunga hii nyumba. Shiye wote tutaenda kuikala ku nyumba bila kazi. Mutoto iko ku hopitali, munganga iko naye. Maneno yako itamusaidia nini?"

Nikarudi kwenye mafuta. Nikakaanga.

Saa tano simu ikalia. Binti yangu Zaina, analia. "Mama, Tantine Feliste balimufungia mu chumba tangu asubui. Bajomba ya Gloria beko nasema njo yeye alitia sumu. Banasema ni mulozi. Juu ya nini yeye peke yake hagonjwe?"

Mnajua neno hilo likishasemwa kwenye avenue linakwenda wapi. Mjane, hana mtoto, katoka mbali, kapakua sahani zote, na yeye mzima. Ningekuwa sina habari, hata mie labda ningetikisa kichwa. Zaina akasema vijana wamejaa uani na mmoja ameleta tairi la kuchomea mtu. Nikamwambia, ngoja, nakuja. Nikakata simu, nikaendelea kukaanga.

Salima, usinitazame hivyo. Niliogopa. Nilimwogopa patron, nilimwogopa Papa Donat, niliwaogopa wale vijana, maana tairi halichagui jina. Nikajiambia watatulia. Nikajiambia baba wa Gloria ni ndugu yake, hataruhusu. Saa sita ikapita, saa saba ikapita. Kila kipande nilichotoa kwenye mafuta niliomba, Ya Rabbi, mfanye huyu Tantine naye aumwe hata kidogo, aokoke. Mnaona hofu inavyomfanya mtu? Namwombea mwenzangu kuharisha ili mie ninyamaze.

Saa tisa Zaina akapiga tena. Safari hii hakulia, sauti yake ilikuwa kavu. "Mama, Tantine iko naitika. Iko nasema eyo, njo miye."

Hapo nikatupa koleo. Mtu akishaitika, hakuna tena wa kumtetea. Papa Donat alinishika mkono mlangoni, nikautoa. Nilipanda pikipiki na aproni yangu, natoa harufu ya mafuta, na njia nzima nilikuwa natafuta namna ya kuanza. Sikuipata.

Ua ulijaa. Baba yake Gloria alikuwa amekaa mbele ya mlango wa chumba, kichwa kati ya magoti, sijui kama alikuwa anamlinda dada yake au anamfunga. Nikasema kwa nguvu, kabla woga haujanigeuza, "Muacheni! Sumu ni yangu!"

Wajomba wawili wakanijia. Nikasema haraka haraka: niliosha kuku, maji yaliruka, yaliingia kwenye shu, shu haipikwi. Mjomba mmoja alinitazama kama mwendawazimu. "Mayi njo inaleta ugonjwa? Mayi inaosha! Mama, balikulipa na huyu mulozi?"

Ndugu zangu, nilikwenda kukiri, na ukweli wangu ukawa hauna ladha mbele ya uongo wao. Uchawi waliuelewa wote. Maji, hakuna aliyeyaelewa. Kijana wa tairi alikuwa anasogea, na mie mgongo wangu ukagusa ukuta. Katika kuhangaika nikauliza tu, "Nani alikula shu? Nyosheni mkono, aliyekula shu!"

Wakanyosha, wengine wamejishika tumbo. "Na nani hakula shu?"

Hakuna. Halafu kutoka kwenye kivuli cha jiko, kwenye mkeka wake, mzee mmoja akanyosha fimbo. Ni baba mzazi wa Mama Gloria. Mzee wa miaka mingi ambaye watu walishazoea kumruka kama kizingiti, hata kumuuliza kama anaumwa hakuna aliyekumbuka.

"Baba, weye ulikula nini?" mjomba akauliza.

"Bukari. Samaki. Kuku, mapaja mbili."

"Nani alikupakulia?"

"Tantine. Na mukono yake."

"Na shu?"

Mzee akafungua kinywa, akatuonyesha fizi tupu. "Shu? Na meno ya nani?"

Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Nikawaambia: huyu kapakuliwa na mkono ule ule, kala kuku yule yule, mzima. Kilichompita ni shu peke yake. Mjomba mkubwa alimtazama mzee, akatazama mikono iliyonyoshwa, akahesabu kwa midomo bila sauti. Nilihesabu naye. Yule mwenye tairi aliliegemeza ukutani, akatoka nje ya ua kama mtu aliyekumbuka kazi.

Gloria alipona. Nilikwenda hospitali kutoka pale pale, nikamweleza daktari kila kitu, na akaniambia nimechelewa lakini sijachelewa sana. Mtoto alikaa kitandani muda mrefu, akarudi na shingo nyembamba kama ya kuku, leo ni mama wa watoto wawili. Kazini walifunga jiko wakalisugua, nikarudishwa nyumbani, nikalia. Halafu Bana Mulenga akaja tena, akauliza yuko wapi yule mama aliyeosha, akasema mrudisheni huyo, anayeogopa ndiye wa kukaa na kuku. Sinki ya kabichi ikajengwa chumba kingine. Hata siku moja sikuosha tena kuku wa katoni, na Papa Donat naye hakuosha, na hatukulizungumza neno hilo mpaka akafa.

Kwa hiyo kule kwenu, nyanya ziende mbali. Ubao wa kuku uwe wa kuku tu. Kuku wa kuchinja wenyewe, kama lazima aoshwe, aoshwe ndani ya maji yaliyotulia, taratibu, peke yake, na baada yake sabuni kwenye beseni, kwenye meza, kwenye mikono mpaka viwikoni. Mpike hadi maji yanayotoka kwenye mfupa yasiwe na wekundu. Hayo ni mambo ya jikoni, mtayajua. Lakini kuna kitu nimekiruka, na ndicho nilichokuja kusema.

Baba yake Gloria alipofungua mlango, Tantine Feliste hakutoka mbio. Alitoka polepole, akaketi kwenye ngazi, blauzi imechanika begani, mkono wa kushoto ameukumbatia kwa mkono wa kulia. Nilipiga magoti mbele yake. Nikamwambia, Tantine, nisamehe, ni maji yangu, ni mie.

Alinitazama, akatazama aproni yangu.

"Ulijua tangu saa ngapi?"

Ningeweza kudanganya. Hakuna aliyejua isipokuwa Papa Donat. Nikasema, "Saa nne."

"Na sasa ni saa ngapi?"

"Saa kumi inapita."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepanga hesabu yake. "Saa sita njo balinivunja hiki kidole," akasema, na akanionyesha. "Saa munane njo niliitika."

Hakunitukana. Sauti yake haikupanda. Akaomba maji ya kunywa, na mie nikasimama mbio, nikachota kikombe kwenye mtungi, nikamletea kwa mikono miwili. Hakukipokea. Aliniacha nimekishika, akangoja mpaka ndugu yake akaenda kuchota mengine.